Kuchagua Lijamu ya Farasi wa Kuruka Viunzi: Mwongozo Kutoka Nyanda za Juu Kusini

Watanzania wengi tunalijua neno "hatamu" kutoka kwenye siasa. Wachache tumewahi kuzishika hatamu zenyewe, za ngozi, zimelowa ukungu wa asubuhi ya Mufindi, mbele kuna kiunzi cha sentimita 80 na chini yako mnyama wa kilo mia nne na ushee ambaye ameshaamua ataruka kwa mwendo anaoutaka yeye. Hapo ndipo mtu husema, "Nahitaji lijamu kali zaidi." Nimeyasema maneno hayo mara nyingi, na mara nyingi nilikuwa nimekosea. Mengi ya nitakayoandika hapa nimejifunza kwa kukosea.

Tuelewane maneno kwanza. Lijamu ni kile chuma, au raba, kinacholala kinywani mwa farasi. Hatamu ni kanda mbili zinazotoka kwenye pete za lijamu hadi mikononi mwako. Kanda zinazozunguka kichwa na kuishikilia lijamu isidondoke nitaziita kanda za kichwa. Saisi ni mtunza farasi. Kama huna mazoea ya kumsikiliza saisi wako, anza leo, kwa sababu yeye ndiye anayemvisha farasi huyo kila siku na ndiye wa kwanza kujua panapouma.

Kwenye kiunzi makosa hayana muda wa kusahihishwa

Farasi anapotembea au kwenda matiti (mwendo wa kati, wa kasi kuliko kutembea lakini si mbio) uwanjani, mkono wako na kinywa chake vinazungumza polepole. Ukivuta kupita kiasi unalegeza, anasamehe, mnaendelea. Kiunzi hakikupi nafasi hiyo. Akishanyanyuka, farasi hunyoosha shingo mbele na chini ili mgongo upinde na miguu ya nyuma ipite juu ya mti wa kiunzi. Mikono yako inatakiwa iifuate shingo hiyo. Ukibaki nyuma hata kwa nusu sekunde, uzito wako wote unaning'inia kwenye kinywa chake.

Yeye hajui kwamba ilikuwa bahati mbaya. Anachokumbuka ni kwamba aliruka, kinywa kikauma. Mruko unaofuata ananyanyua kichwa, anakaza mgongo, anaangusha mti. Baadaye anaanza kukikimbilia kiunzi ili yaishe haraka, au anagoma kabisa. Mpandaji naye anaona farasi mbishi, anatafuta chuma kikali zaidi, na kile chuma kinaongeza sababu za kukimbia.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kuhusu lijamu yoyote ya kuruka ni hili: itamfanya nini farasi siku nitakapokosea? Uwezo wake wa kumsimamisha nauuliza baadaye.

Hatua ya kwanza: fungua kinywa kabla hujafungua pochi

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na farasi dume aliyehasiwa, mwekundu, aliyekuwa akitupa kichwa kila nikigusa hatamu ya kushoto. Nilibadilisha lijamu tatu. Siku moja saisi mzee, mtu wa maneno machache, alikuja kumtazama. Tukasalimiana "kamwene", akaniuliza farasi ana umri gani, akaingiza kidole gumba pembeni mwa kinywa, akapapasa kidogo, akatoa. "Mwanangu, huyu hana kiburi. Ana jino."

Lilikuwa jino dogo kama punje ya mahindi, mbele kidogo ya magego ya juu. Si kila farasi huwa na vijino hivyo, lakini vikiwepo, lijamu inaweza kuvigonga au kuubana ufizi juu yake. Daktari wa mifugo alikiondoa. Lijamu ya kwanza kabisa, ile niliyoitupa kabatini, ikafaa.

Unapokagua, simama pembeni ya farasi, usisimame mbele. Ingiza kidole gumba kwenye pembe ya mdomo, mahali pasipo na meno. Nafasi hiyo kati ya meno ya mbele na magego ndiyo nyumba ya lijamu. Papasa ufizi wa taya la chini kwa ncha ya kidole. Kwa baadhi ya farasi mfupa wake ni wa mviringo na una nyama. Kwa wengine ni mwembamba kama mgongo wa kisu cha jikoni, na hao huumia upesi. Tazama pembe za midomo: ngozi iliyokuwa ngumu, alama nyeupe za zamani, au wekundu. Tazama ndani ya mashavu kando ya magego kama kuna vidonda. Kisha acha afunge kinywa, tenganisha midomo tu, utazame ulimi. Ukiona umejaa na kutokeza kati ya taya, kumbuka hilo tutakapofika kwenye unene wa chuma.

Magego ya farasi huendelea kuota maisha yake yote na kingo zake huchongoka. Yanahitaji kupigwa tupa na mtu anayejua kazi. Kwa farasi mzima, ukaguzi wa mara moja kwa mwaka ni wa lazima. Kwa aliye chini ya miaka mitano, fanya kila baada ya miezi sita, kwa sababu meno ya utoto yanatoka na ya ukubwani yanaingia. Madume wengi huota pia chonge wakiwa na miaka minne hadi mitano, na kipindi hicho wengine huchukia lijamu bila kosa la mtu yeyote. Huku kwetu madaktari wenye vifaa vya meno ya farasi si wengi. Akipatikana mmoja kuja Iringa au Mafinga, wenye farasi wachangiane nauli, awatazame wote kwa safari moja.

Hatua ya pili: pima

Chukua kijiti laini cha mviringo, kama kipande cha mpini wa ufagio kilichopigwa msasa, chenye urefu wa sentimita 20. Kivishe rababendi mbili. Kiweke kinywani pale lijamu inapokaa, kisha sogeza rababendi mpaka ziguse midomo pande zote mbili bila kuibonyeza. Kitoe, pima kati ya rababendi. Huo ndio upana wa kinywa.

Kwa lijamu ya pete zinazozunguka, ongeza karibu nusu sentimita kila upande ili pete zisibane ngozi. Kwa pete zilizoungwa imara, milimita mbili au tatu kila upande zinatosha. Farasi wengi wa ukubwa wa kati huangukia sentimita 12.5 hadi 13.5, na wadogo sentimita 11.5 au chini. Lijamu ikiwa pana mno huteleza kushoto na kulia, na ile yenye kiungo kimoja katikati hujikunja zaidi. Ikiwa nyembamba, inachuna pembe za midomo. Usipime kwa macho na usidanganywe na urefu wa farasi. Nimeona farasi mrefu wa mbio za Kizungu mwenye kinywa kidogo kuliko cha farasi mnene wa shambani.

Unene ndio unaowachanganya watu. Tumezoea kusikia kwamba chuma kinene ni kipole kwa sababu kinasambaza shinikizo. Ni kweli, kama kinywa kina nafasi ya kukipokea. Lakini ndani ya kinywa kilichofungwa nafasi ni ndogo. Yule mwenye ulimi mnene na kaakaa iliyo chini akiwekewa chuma cha milimita 20 atakuwa kama mtu aliyeshindiliwa ndizi nzima mdomoni na kuambiwa afunge. Milimita 14 hadi 16 huwafaa wengi. Nyembamba kupita hapo waachie wenye mikono iliyotulia.

Hatua ya tatu: jua kila aina inabana wapi

Lijamu haina uchawi. Inabana mahali: ulimi, ufizi, pembe za midomo, kaakaa, utosi nyuma ya masikio, kidevu, au pua. Ukijua inabana wapi, umeshajua nusu ya tabia yake.

*Snafeli* ndiyo lijamu ya kawaida, pete mbili na kipande cha kinywani. Hatamu zimefungwa palepale kwenye pete, hivyo unachovuta ndicho anachokipata, hakizidishwi. Karibu kila farasi wa kuruka anapaswa kuanzia hapa, na wengi wanapaswa kuishia hapa.

Kwenye pete, zinazozunguka huru zinacheza na mkono na humfaa farasi anayeegemea chuma kama mlevi kwenye ukuta. Hatari yake ni tundu lililolika, ambalo hubana ngozi ya mdomo. Pete zilizoungwa imara, za umbo la yai au la herufi D, hutulia zaidi. Kwa mpandaji ambaye mikono yake bado inarukaruka, ninapendelea hizi. Zipo pia zenye mikono mirefu inayosimama juu na chini ya pete. Zinasaidia kumgeuza farasi mchanga anayependa kuchepuka pembeni ya kiunzi, na lijamu haiwezi kuvutwa ikapita ndani ya kinywa.

Kwenye kipande cha kinywani, kiungo kimoja hukunjika kama mkasi wa kubania karanga na kukandamiza ulimi na kingo za ufizi. Wapo wanaokipenda. Viungo viwili vyenye kidonge laini katikati hulala juu ya ulimi vizuri zaidi, na hicho ndicho ninachokitafuta kwanza kwa kuruka. Angalia tu kipande cha katikati. Kikiwa cha mviringo ni kipole, lakini kikiwa bati bapa lililosimama kwa pembe, ukingo wake unaingia kwenye ulimi. Kwa picha ya dukani vinafanana. Kipande kizima kisicho na kiungo, kilichopinda kidogo, cha raba au chuma, humtuliza farasi anayeogopa chuma kinachotembeatembea, ila kumgeuza kwa hatamu moja kunakuwa kugumu. Vyuma vya waya uliosokotwa sivitumii.

*Pelamu* ina mikono ya chini pembeni na mnyororo mdogo chini ya kidevu. Hii ni wenzo. Umewahi kung'oa jiwe shambani kwa mtaimbo? Kadiri mtaimbo ulivyo mrefu upande wako, ndivyo jiwe linavyonyanyuka kwa nguvu ndogo. Mkono wa chini ukiwa na urefu mara mbili ya ule wa juu, mvuto mdogo wa hatamu unafika kidevuni na utosini ukiwa umeshazidishwa. Ndiyo maana pelamu hutumiwa na hatamu nne: mbili za juu zinazofanya kazi kama snafeli, mbili za chini kwa wakati wa haja. Wako wanaoziunganisha kwa kikanda kifupi ili washike hatamu mbili tu. Ni rahisi, lakini unapoteza uwezo wa kuchagua, na wenzo unafanya kazi kila mara. Mnyororo ulale bapa bila kusokotwa, uanze kukaza pale mkono wa chini unaporudi nyuma kwa nyuzi 45 hivi.

*Gagi ya pete tatu* ndiyo unayoiona sana kwenye picha za mashindano. Hatamu ikiwa kwenye pete kubwa, ni karibu na snafeli. Ukiishusha pete ya chini, inabana utosi na kunyanyua lijamu kwenye pembe za midomo, bila mnyororo wa kidevu wa kuiwekea mpaka. Shida yake ni kwamba inachelewa kulegea. Umeshaachia mkono, farasi bado anasikia. Kwenye mruko, kuchelewa huko ndiko kunakomfanya ashindwe kunyoosha shingo.

*Hakamoa* haiingii kinywani kabisa, inabana pua na kidevu. Kwa farasi mwenye kidonda kinywani au ulimi ulioumia ni mkombozi. Lakini isikae chini penye mfupa laini wa pua. Weka upana wa vidole vinne juu ya tundu za pua, upapase uhakikishe chini yake kuna mfupa mgumu. Yenye mikono mirefu ina breki kali kuliko watu wanavyodhani, na usukani dhaifu.

Kwa anayefikiria mashindano: kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi, FEI, huruhusu aina nyingi zaidi za lijamu kwenye kuruka kuliko kwenye mchezo wa mwendo wa madaha uwanjani. Hiyo ndiyo sababu unaona vyuma vya kutisha kwenye televisheni. Kuruhusiwa si kufaa. Watu wale wana mikono inayoweza kushika yai.

Hatua ya nne: ivishe ikae

Asubuhi za Juni na Julai kule Makete na Kitulo majani huamka meupe kwa sakitu, na lijamu iliyolala chumba cha matandiko inakuwa baridi ya kunata. Ipashe mkononi au ichovye kwenye maji ya uvuguvugu. Ni dakika moja, nayo hupunguza ugomvi wa kuvisha kwa wiki nzima.

Wanaofundisha husema pembe ya mdomo iwe na mikunjo miwili. Kanuni hiyo ni ya kuanzia tu. Farasi mwenye midomo minene huonyesha mikunjo miwili lijamu ikiwa bado chini, na mwenye midomo membamba anaweza kuwa amekazwa mno akiwa na mmoja. Weka lijamu iguse pembe za midomo bila kuzivuta kwa tabasamu la kulazimishwa, kisha papasa ndani: isiguse chonge chini wala magego juu. Shika kanda za mashavu uzivute kidogo. Zikitokeza nje sana, lijamu iko chini mno.

Ukanda wa pua uingie vidole viwili mbele kwenye mfupa wa pua, siyo pembeni ambako daima pana nafasi. Kuufunga kinywa kwa nguvu ili farasi asionyeshe kwamba lijamu inamuuma ni kama kuziba kengele ya moto kwa pamba.

Hatua ya tano: jaribu kwa siku, usijaribu kwa mruko mmoja

Waswahili wanasema mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Hapa maana yake ni ya moja kwa moja: badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha lijamu, ukanda wa pua na tandiko siku hiyohiyo, hutajua kipi kilileta nini.

Siku ya kwanza mvishe akae nayo bandani dakika kumi na tano, bila hatamu, ukimwangalia. Kutafuna kidogo na povu jepesi ni sawa. Kutoa ulimi nje, kusaga meno au kuukunja ulimi juu ya lijamu si sawa. Siku ya pili panda uwanjani: tembea, matiti, simama, geuka pande zote. Hesabu hatua anazotumia kusimama.

Siku ya tatu leta miti. Huku hatuna shida ya miti. Mirunda ya milingoti au misonobari ya mita tatu inapatikana kila kona, menya maganda tu na ukate vifundo. Panga minne chini kwa umbali wa mita 1.3 kwa mwendo wa matiti. Farasi aliyeridhika na lijamu hushusha shingo kuitazama miti. Asiyeridhika hunyanyua kichwa na kuikwaa.

Baada ya hapo weka msalaba (miti miwili iliyopishana) wa sentimita 40, mruke mara chache, ukiwa umeshika ukanda wa shingoni. Ukanda huo ni mkanda wa zamani wa kikuku cha tandiko, umefungwa shingoni mwa farasi. Unapokuwa hewani unashika huo badala ya kinywa. Sioni aibu kuutumia na wewe usione.

Kipimo cha breki huja mwisho. Weka viunzi viwili vya sentimita 60 hadi 70 kwa umbali wa mita 14.4, ambao ni hatua tatu za farasi wa kawaida aendaye mwendo mzuri wa mbio fupi. Farasi mdogo mpunguzie. Ruka cha kwanza, hesabu moja, mbili, tatu, ruka. Kisha rudia: ruka cha kwanza halafu usimame kabla ya cha pili. Akisimama bila kufungua kinywa wala kutupa kichwa, umepata lijamu yako. Akila hatua mbili na kurukia mbali, usikimbilie dukani.

Akiendelea kuvuta

Rekodi video. Mwombe saisi ashike simu pembeni ya kiunzi, kisha tazama polepole mikono yako wakati wa kutua. Mimi nilipofanya hivyo nilinyamaza siku mbili.

Kama mikono ni mizuri, uliza maswali mengine. Tandiko linabana mabega? Mgongo unauma ukibonyezwa? Anakula pumba na mahindi kama ng'ombe wa kunenepeshwa halafu anafanya kazi mara mbili kwa wiki? Farasi wa hivyo hana tatizo la kinywa, ana petroli nyingi. Hatamu je? Wakati wa mvua na ukungu ngozi inateleza, mpandaji anabana ngumi, na ngumi iliyobanwa inageuza snafeli laini kuwa kali. Hatamu zenye mshiko wa raba huponya tatizo hilo kwa bei ndogo kuliko lijamu mpya.

Ukimaliza yote hayo na bado farasi ana nguvu kuliko wewe, kwa mfano binti wa miaka kumi na minne juu ya farasi mkubwa, hapo pelamu yenye mikono mifupi na kipande cha kinywani cha raba, kwa hatamu nne na chini ya jicho la mwalimu, ni uamuzi wa busara. Itumie kwenye kuruka tu, na mazoezi ya kawaida rudi kwenye snafeli.

Za mkononi

Maduka ya vifaa vya farasi huku hayapo, hivyo lijamu nyingi hufika kwa kuagizwa, au kwenye begi la mtu anayetoka Nairobi au Afrika Kusini, au kutoka kwenye sanduku la mkulima aliyehama. Ya mkononi si mbaya ikikaguliwa. Pitisha kipande cha kitambaa laini urefu wote wa chuma. Kikinasa nyuzi, ulimi utanaswa pia. Rangi ya fedha iliyobambuka inakata kama wembe, iache. Chezesha viungo: vikipwaya hadi ukucha unaingia, vimeisha. Chuma kisichoshika kutu ndicho rahisi kutunza. Shaba huwafanya wengine watoe mate zaidi lakini hulika upesi. Ile ya raba tazama alama za meno, kwa sababu farasi akiitafuna hadi kufikia waya wa ndani inakuwa silaha.

Kama pete zinabana pembe za mdomo, kuna viduara vya raba vya kuvisha kati ya pete na shavu. Nimewahi kukata vyangu kutoka kwenye tyubu ya pikipiki, nikalainisha kingo kwa msasa. Vilidumu mpaka vile vya kuagiza vilipofika.

Baada ya kila safari, lijamu ioshwe kwa maji matupu kabla povu halijakauka. Sabuni ya kufulia inaacha ladha, na farasi ataikumbuka kesho. Unapoifuta, tazama kitambaa. Ukiona wekundu hata kidogo, usimpande siku inayofuata; rudi kwenye kidole gumba na pembe ya mdomo, uanze kupapasa upya.